Dakika Tatu za Mwanzo na Suruali Zisizo na Mifuko

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

Jumatatu ya wiki ya pili ya mwezi uliopita, saa tatu asubuhi, redio yenu ilipoteza dakika tatu za mwanzo za kila wimbo wa dansi. Sisemi ziliibwa, maana mwizi angalau huwa na haya ya kujificha. Hizi zilikatwa mchana kweupe, na aliyezikata alitangaza mwenyewe kwa furaha kwamba amezikata. Hadi leo hazijarudi, na hakuna mtu wenu aliyepita hata kuuliza zilikuwa zinafanya kazi gani. Basi acha nikueleze.

Mimi ni fundi wa kushona nguo. Nilianza na cherehani ya kuazima kwenye kibaraza cha duka la mtu, na mvua ikija nilikuwa naifunika cherehani kwanza, halafu ndiyo najifunika mimi. Leo nina karakana ya cherehani nane, ovaloki moja ya kufunga kingo za vitambaa, meza mbili za kukatia na mume mmoja, ambaye ndiye mpiga pasi wetu. Sikurithi hata sindano. Hivi vyote nimevipata kwa kushona sare za shule, na hakuna sare iliyotoka mlangoni kwangu bila redio yenu kuwa imewashwa. Kwa hiyo nakuomba usinihesabu kama msikilizaji. Nihesabu kama mtu aliyekuwa na mashine kumi, ya kumi ikiwa redio, nanyi mkaiharibu hiyo.

Karakana yangu haina saa ya ukutani. Ilikuwepo, ikafa, sikuona sababu ya kuifufua, kwa kuwa tulikuwa na kipindi chenu cha Ukumbi wa Saa Tatu. Wimbo wa dansi una sehemu mbili, na sitaki kuamini kwamba Mkuu wa Vipindi hajui. Kwanza kuna dakika tatu za taratibu: mwimbaji anaeleza shida zake, gitaa linamfuata kwa adabu, hakuna anayeharakisha. Kisha yanakuja magitaa yenyewe, matatu kwa pamoja, yanapanda na kupandana kwa dakika tano. Hiyo sisi tunaiita chemko. Jumla dakika nane.

Sasa, mfuko wa suruali ni kazi ya taratibu. Ukiukimbiza unakaa upande kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino. Mishono mirefu ya miguuni ni kazi ya chemko: unakanyaga pedali, unaachia, kitambaa kinakwenda chenyewe. Basi kwetu utaratibu ni huo, na umedumu miaka yote. Wimbo wa kwanza ukiwa taratibu ni mfuko wa kulia, wa pili ni wa kushoto, wa tatu ni wa nyuma, na machemko yake ni mishono. Nyimbo tatu, suruali moja. Zipu tunaweka wakati wa matangazo ya biashara. Hakuna fundi wangu anayegusa mfuko chemko likishaingia, na hakuna anayegusa mshono mrefu kabla halijaingia. Ukimwamsha yeyote kati yao usingizini ukampigia gitaa la mwanzo, mkono utakwenda kutafuta kitambaa cha mfuko.

Baada ya maelezo hayo, nayaweka mbele yako malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Siku hiyo ya Jumatatu mimi sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kununua vitambaa. Mtangazaji wenu mpya, huyo anayejiita Profesa Besi, akawatangazia watu kwamba kuanzia sasa kipindi kitaitwa Chemko Tupu, kwamba "ile sehemu ya kubembelezana tumeitoa, tunaingia moja kwa moja kwenye utamu." Akaingia. Mafundi wangu nao wakaingia. Waliposikia chemko walikanyaga pedali kama walivyozoea, wakashona mishono mirefu. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine, nao chemko. Wakashona tena mishono mirefu. Fundi wangu mwenye mkono mwepesi kuliko wote, tunayemwita Chapuchapu, alipoulizwa baadaye alijitetea hivi: "Mama, mimi nilisema wa taratibu ukija nitarudi nyuma niweke mifuko. Nikangoja. Haukuja."

Haukuja, Ndugu Mkuu. Nilirudi jioni nikakuta suruali thelathini na sita zimekunjwa vizuri, zimepigwa pasi, mishono imenyooka, na hakuna hata moja yenye mfuko. Zipu, kwa upande wake, zilikuwa nzuri ajabu, kwa sababu matangazo ya biashara hamkuyakata.

Mwalimu mkuu wa shule iliyoagiza alichukua moja, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Fundi, hawa watoto mikono wataiweka wapi?" Nalileta swali hilo kwako, kwa kuwa ni la kwenu.

2. Nilipiga simu redioni. Aliyepokea, kijana mwenye sauti ya usingizi, aliniambia: "Mama, siku hizi watu hawana muda." Nikamwuliza, hizo dakika tatu mnazowaokolea watu katika kila wimbo mnaziweka wapi? Akasema hajanielewa. Nikakaa kitako nikasikiliza kipindi kizima nikiwa na kalamu, nikapata jibu mwenyewe. Mmeziweka kwenye tangazo la magodoro. Tangazo hilo lina mtu anayepiga miayo, mtu anayekoroma na mtu anayeamka akicheka, na linarudiwa baada ya kila wimbo. Yaani watu hawana muda wa kumsikiliza mwimbaji aliyeachwa na mchumba, lakini wanao wa kumsikiliza mtu asiyejulikana akikoroma.

3. Profesa Besi haachi wimbo ukae peke yake. Magitaa yakianza kupanda, naye anapanda. Anapiga honi ya lori. Anapiga king'ora. Anawasalimu watu wa mitaa yote, na mtaa akiusahau anarudi kuuomba radhi katikati ya gitaa la solo. Wiki iliyopita alipiga king'ora hicho wakati dada wa ovaloki yuko katikati ya shati. Dada akaruka, na mkono wa gauni lake mwenyewe ukashonewa kwenye shati la mteja. Ilibidi tumkate. Gauni, si dada. Lakini usiku ule nilifikiria ingekuwaje.

4. Sikatai mambo kubadilika, na nisingependa ofisini kwenu mseme huyu ni bibi anayeulilia ujana wake. Mabadiliko ya muziki nimeyashona yote.

Nilipoanza kazi dansi lilikuwa la matarumbeta. Bendi ilisimama na watu wanne wa kupuliza mstari wa mbele, na wakivuta pumzi kwa pamoja ulikuwa unaisikia redioni, kabla hata hawajatoa sauti. Santuri ilikuwa fupi, haikutosha wimbo mzima. Nusu ilikaa upande mmoja na nusu upande wa pili, na mtangazaji ilibidi aigeuze. Kulikuwa na kimya hapo katikati, na kimya hicho kilitutosha kubadilisha uzi kwenye bobini. Nilidhani kilikuwekwa kwa ajili hiyo.

Zikaja kaseti, kimya kikafa. Nikanunua bobini za akiba, sikulalamika. Magitaa yakaongezeka na matarumbeta yakapungua, kutoka manne hadi mawili, hadi moja lililokuwa likipiga kama mtu anayewatafuta wenzake. Nyimbo zikarefuka, na sisi suruali zikapanuka chini, kwa hiyo tulihitaji urefu huo. Halafu kikaja kinanda cha umeme kikajifanya matarumbeta yote manne. Mwalimu wangu wa ushonaji, mwanamke aliyenifundisha kushika mkasi, alipokisikia mara ya kwanza alivua kiatu akakirusha kwenye redio. Alisema ule ndio mwisho wa dansi, kwamba muziki usio na pumzi ya mtu ni kelele za mlango. Tulimcheka sana. Yeye alikosea, maana kinanda kiliacha taratibu mahali pake na chemko mahali pake. Mimi sijakosea. Naomba tofauti hiyo ionekane.

Baadaye dramu ikapigwa na mashine. Nikanyamaza, na mimi nashona kwa mashine. Leo wimbo mzima unatoka kwenye kompyuta na mwimbaji wake sauti imepigwa pasi mpaka haina mkunjo hata mmoja. Kuna mmoja mnaoupiga kila siku kabla ya saa sita, ule unaoanza na mgongano kama sufuria imeanguka, halafu besi, halafu kijana anasema "sogea, sogea" mpaka mwisho bila kutaja asogee nani wala aende wapi. Hauna gitaa. Hauna taratibu. Hauna hata chemko, kwa kuwa kitu hakiwezi kuchemka kama hakikuwahi kupoa. Nimeupima: dakika mbili na nusu. Huo hautoshi hata mfuko wa shati. Kwa hesabu yangu suruali moja sasa inakula "sogea, sogea" tisa na zaidi ya nusu ya nyingine, na sijui fundi afanyeje na nusu ya kusogea.

5. Hili la tano sikutaka kuliandika. Naliandika kwa sababu bila hilo hesabu haifungi.

Jumamosi tunafunga kazi saa sita mchana. Wimbo wa mwisho kabla ya kufunga haushonewi kitu. Mume wangu husimamisha pasi, hunyoosha shati lake, huja mpaka kwenye cherehani yangu na kusema, "Fundi, una nafasi?" kana kwamba ni mteja. Tunacheza pale pale kati ya meza mbili za kukatia, kwenye vipande vya vitambaa. Mafundi wamezoea, wanainua miguu tupite.

Sasa ana magoti mabaya. Ni kazi ya kusimama, pasi haipigwi kwa kukaa. Daktari alimwambia magoti hayo hayataki kupumzishwa, yanataka kusogezwa, kila wiki, polepole, na yasipopata hivyo yatakakamaa na kiti ndicho kitakuwa chake. Mazoezi alikataa. Kutembea asubuhi alikataa, alisema hawezi kutembea bila kuwa na pa kwenda. Kitu alichokubali ni kile cha Jumamosi tu. Aliingia na taratibu, magoti yakapata moto kidogo kidogo, na chemko lilipoanza alinirudisha kwenye kiti changu, akashukuru, akaenda kukaa. Dakika tatu, Ndugu Mkuu. Ndizo hizo mlizozikata.

Jumamosi ya kwanza ya Chemko Tupu alisimama, akasikiliza, akasema, "Wimbo umeanza katikati, sina pa kuingilia," akakaa. Ya pili hakusimama. Ya tatu nilimwambia mimi, "Baba, una nafasi?" Akanionyesha shati alilokuwa analipiga pasi, wakati lilikuwa limeshanyooka na nililiona. Jumamosi iliyopita alisema magoti yanamsumbua, akabaki nyumbani, na tangu siku hiyo hajarudi kazini.

Siombi huruma. Ni mpiga pasi wangu na nguo zimeanza kurundikana.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, na nimejitahidi kutoomba lisilowezekana.

(a) Dakika tatu zirudishwe kwenye kila wimbo, na zile zilizokatwa tangu Jumatatu ile zilipwe kwa kupigwa zote mfululizo, taratibu tupu bila chemko, mpaka deni liishe. Najua itakuwa siku kadhaa za kubembelezana. Watu wa magodoro wangoje.

(b) Profesa Besi aje karakana kwangu na subana yake, kile kikofia cha kukinga sindano, kidoleni, akae nasi kwenye benchi mpaka suruali thelathini na sita zimefumuliwa na kuwekwa mifuko. Honi aiache nyumbani. Chai tutampa.

(c) Kuanzia sasa wimbo wowote mpya usiende hewani kabla haujaletwa kwangu ujaribiwe kwenye kitambaa. Tutaujaribu kwenye shati, kwenye suruali na kwenye gauni la bibi harusi, na ukipasua chochote utarudishwa kwa mwenyewe kwa marekebisho. Wimbo usiotosha mfuko mmoja uandikwe wazi kwamba ni tangazo.

(d) Kwenye kamati yenu ya kuchagua nyimbo awepo fundi cherehani mmoja wa kudumu. Akikosekana, mpiga pasi.

(e) Watafutwe wale wapuliza matarumbeta wanne, au yeyote kati yao aliyebaki na meno, wakalishwe studio. Hawatapuliza kitu. Wao wavute pumzi tu kabla ya kila wimbo, ili watu wajue kuna jambo linakuja.

Kama unaona nimezidisha, tia mkono mfukoni. Nakuomba uutie sasa hivi, hapo ulipokaa. Suti uliyovaa siku ya kukabidhiwa ofisi, na ambayo nasikia bado unaivaa Jumatatu, niliishona mimi. Ina mifuko minne nje na mmoja wa siri ndani, kushoto, ambao hukuuomba. Yote mitano ilishonwa wakati wa taratibu, redio ikiwa yenu. Ingekuwa enzi za Chemko Tupu, ungeapa kiapo chako bila mahali pa kuweka leso.

Wasalimie wote hapo kazini: mlinzi wa getini, aliyenielekeza kwa heshima siku nilipokuja bila miadi, yule kijana wa simu, akiwa ameamka, dada wa habari, anayetamka maneno mpaka mwisho, na hata Profesa Besi, mwambie namsalimu na mtaa wangu ameshausahau mara tatu. Mafundi wangu wote wanawasalimu, Chapuchapu anawasalimu na kuomba asitajwe.

Ni mimi, kwa heshima na kwa vipimo,

Fundi Mkuu,
Karakana ya Sindano Nane.

Nyongeza baada ya kutia sahihi:

Barua hii nilikuwa nimeiweka chini ya mkasi, tayari kuileta kwenu, ikafika Jumamosi. Mume wangu alikuja kazini kwa sababu nguo zilikuwa zimefika dirishani na hakuna tena mwanga. Ilipokaribia saa sita Profesa Besi akapiga ule wa "sogea, sogea." Nilinyoosha mkono kuzima.

"Acha," akasema mume wangu.

Akasimamisha pasi. Akanyoosha shati. Akaja, akaniuliza kama nina nafasi. Nikamwambia, "Baba, huu hauna pa kuingilia, si ulisema mwenyewe?" Akasema amekuwa akiusikia kila siku kule nyumbani alikokaa na goti lake, na ameutafutia dawa. Tukaanza. Besi ilikuwa inagonga haraka kama mtu anayedai mlango ufunguliwe, naye akawa anakwenda polepole kama mtu anayeelekea bustanini. Nikamwambia, "Umepoteza hesabu." Akasema, "Sijapoteza. Mapigo ni mawili. Moja langu, moja la vijana. Nacheza moja, naacha moja." Nikahesabu. Alikuwa sahihi. Ndani ya ule wimbo, mkikanyaga pigo moja na kuruka moja, mna taratibu nzima, imekaa imetulia, na hakuna aliyetuambia.

Chapuchapu akainua miguu tupite.

Tatizo ni kwamba uliisha. Mume wangu alibaki amesimama katikati ya vitambaa, mkono wake bado kwenye bega langu, akasema, "Mbona mapema? Goti limelala mwezi mzima, ndiyo kwanza linaanza kunisikiliza." Profesa Besi akaleta godoro.

Malalamiko yangu siyafuti, karatasi nimeshaijaza. Ila naomba uyaweke kando kidogo kwa ajili ya swali moja. Dakika mbili na nusu mara tatu ni dakika saba na nusu, ambayo ni karibu sawa na wimbo wa zamani. Je, Jumamosi hii, dakika kumi kabla ya saa sita mchana, mtaupiga huo "sogea, sogea" mara tatu mfululizo, bila honi, bila salamu na bila mtu anayekoroma katikati? Ndiyo au hapana. Nataka jibu mkononi Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri, kwa kuwa saa kumi na moja tunazima pasi, na hapo ndipo huwa ananiambia kama kesho yake anakuja.